UZI: Lawrence, Kansas. Bia inayopikwa palepale, nyama ya moshi, na namna ya kutopigwa

#1 KuniKavu (mleta mada)

Wakuu, kila ikikaribia Agosti, vijana wakifungasha kwenda University of Kansas, swali huwa lilelile: Lawrence kilaji kizuri na nyama ya kueleweka ni wapi? Majibu huwa majina matatu ya baa, basi. Uzi huu tuweke vipimo.

Nianze na litakalowaudhi wenyeji: Lawrence ni ya kunywa, Kansas City ni ya kula. Kati ya miji hiyo miwili ni kilomita 65 hivi, na kuna barabara mbili. I-70 ni ya kulipia. K-10 ni ya bure, na inakushusha upande wa Lenexa na Olathe.

La pili: kwenye mji wa chuo, foleni haikuambii kitu. Watu hufuata skrini kubwa, jagi la bei ya chini na ukaribu na Allen Fieldhouse, ukumbi wa michezo wa chuo, siku ya mpira wa kikapu. (Hapo mpira wa kikapu ni dini. James Naismith, aliyeubuni mchezo, ndiye alikuwa kocha wa kwanza wa KU, kuanzia 1898.) Siku ya mechi ya nyumbani usipime baa yoyote. Jikoni wanakimbizana, glasi zinaoshwa juu juu, nyama inakatwa mapema. Nenda Jumanne au Jumatano saa kumi na moja jioni ndipo uhukumu.

Bia. Pa kuanzia ni Free State Brewing Company, Massachusetts Street, ambayo kila mtu anaiita Mass. Kutoka chuoni juu ya kilima cha Mount Oread unashuka kwa miguu dakika kama ishirini. Jengo lilikuwa kituo cha treni ya umeme iliyounganisha miji jirani. Chuck Magerl aliifungua 1989, na ndicho kiwanda cha kwanza cha bia kilichoruhusiwa kisheria Kansas baada ya zaidi ya miaka 100. Jimbo hilo liliweka marufuku ya pombe kwenye katiba yake. Wananchi waliipigia kura 1880, ikaanza kazi 1881. Marufuku iliondolewa 1948, lakini baa za wazi kwa umma zilisubiri hadi kura ya 1986. Kwa hiyo ukisikia mzee wa Kansas anaongelea bia kwa adabu kidogo, sababu ndiyo hiyo.

Nyama inakuja posti ya chini. Kwanza nimwachie Kimea_Hopsi, bia ni fani yake.

#2 Kimea_Hopsi

Shukrani mkuu.

Ukikaa tu, usiagize glasi kubwa. Omba sinia la kuonja, wao husema "flight": vikombe vinne au zaidi, kila kimoja ml 120 hadi 150. Anza na nyepesi, malizia na chungu au nyeusi. Pale Free State mpangilio unaofanya kazi ni Wheat State Golden, kisha Ad Astra, kisha Copperhead Pale Ale, mwisho Oatmeal Stout. Ukianza na ile yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), ulimi unakufa ganzi na Golden utaiona maji.

Baa inayopika bia yake inakupa jambo moja ambalo duka haliwezi kukupa, nalo ni umri. Bia ya hopsi, IPA na pale ale, harufu yake huanza kufifia ndani ya wiki chache, na baada ya miezi mitatu inabaki uchungu mtupu. Kwa hiyo muulize mhudumu wa kaunta ipi imewekwa bombani wiki hii. Anayeijua kazi yake atajibu bila kwenda kuuliza. Akikuambia "zote ni fresh", agiza stout, maana hiyo haizeeki haraka.

Kasoro za kuonja, na zinakotoka:

Siagi au bisi za sinema: ama bia imetolewa kwenye tangi kabla hamira haijamaliza kusafisha mabaki yake, ama mirija ya bomba ni michafu. Ukiikuta kwenye bia moja tu, kosa ni la mpishi. Ukiikuta kwenye tatu, kosa ni la mirija. Mirija inatakiwa isafishwe kwa dawa kila siku 14.

Tufaha bichi: bia changa, imeharakishwa.

Boksi lililolowa maji: imezeeka, imeingiwa na hewa. Kwenye baa inayopika yenyewe, hilo halina udhuru.

Siki: kama kwenye menyu haijaandikwa kuwa ni bia chachu, bakteria wamepanga mirijani. Rudisha. Marekani kurudisha bia mbovu siyo ugomvi, unasema kwa upole na unapewa nyingine.

Halafu itazame glasi. Mapovu yakiganda ubavuni, chini ya usawa wa bia, glasi ina mafuta au sabuni. Glasi safi huacha michirizi ya povu kila unaposhusha bia. Na glasi iliyotoka kwenye friji la barafu siyo heshima, ni kuficha ladha. Bia za aina hii zinanoga kwenye nyuzi 5 hadi 10 hivi, stout juu zaidi kidogo.

Sasa hesabu inayowaangusha wageni. Paint ya Marekani ni ml 473. Mtu wa Tusker, ml 500 kwa asilimia 4.2, anakunywa ml 21 za alkoholi. Double IPA ya asilimia 8 kwenye ile paint ni karibu ml 38. Glasi mbili za hiyo ni sawa na Tusker tatu na nusu, na imeshuka kama juisi ya embe. Ndiyo maana bia kali huletwa kwenye glasi ndogo. Usimlalamikie mhudumu kwamba kakupunja.

Ukitaka pa pili, Lawrence Beer Company ipo Lawrence ya mashariki, kwenye majengo ya maghala ya zamani. Bia zao hubadilika sana kuliko za Free State, kwa hiyo huko sinia la kuonja ni la lazima.

#3 KuniKavu

Nyama sasa.

Tuelewane: barbecue ya kule siyo nyama choma. Choma ni moto mkali chini ya nyama, saa moja hadi mbili, mbuzi anatafunwa haswa. Hii ni hewa ya moto na moshi, nyuzi 107 hadi 135, na kipande cha kidari kinakaa humo saa 10 mpaka 16. Ukienda na matarajio ya choma utasema wamekupa nyama ya mgonjwa.

Kwa nini Kansas City? Ng'ombe. Mnada na mazizi makubwa ya mifugo yalianza pale 1871, na vipande vigumu kama kidari vilikuwa rahisi. Henry Perry, Mmarekani mweusi aliyetoka Tennessee, alianza kuuza nyama ya moshi mjini hapo 1908, imefungwa kwenye magazeti. Waliojifunza kwake ndio mizizi ya Arthur Bryant's na ya Gates.

Wapi na nini:

Joe's Kansas City, makutano ya barabara za 47th na Mission, upande wa jimbo la Kansas. Ni ndani ya kituo cha mafuta, usipite ukidhani umepotea. Zamani iliitwa Oklahoma Joe's. Wanajulikana kwa mbavu na mkate wa Z-Man: kidari, jibini ya provolone na vitunguu vya kukaanga. Jumapili hawafungui. Wana tawi Olathe, ambalo kwa anayekuja na K-10 ndilo la karibu zaidi, na foleni yake ni fupi kuliko ya kituo cha mafuta.

Arthur Bryant's, Brooklyn Avenue karibu na 18th. Sosi yao siyo tamu, ina siki na paprika, ina chengachenga ulimini. Aliyezoea sosi ya chupa yenye molasi ataikunjia uso mara ya kwanza. Nyama huwekwa nyingi juu ya mkate mweupe. Mkate ni sahani, siyo chakula.

Gates wana matawi kadhaa. Ukifungua mlango tu unapigiwa kelele "Hi, may I help you!" Siyo ugomvi, ndiyo desturi ya nyumba. Uwe umeshaamua kabla ya kuingia, hawasubiri mtu anayesoma menyu.

Agiza kwa uzito, si kwa sahani. Nusu paundi ni gramu 227 za nyama iliyoiva, inamtosha mtu mmoja mwenye njaa. Watu wanne: paundi moja ya kidari, mbavu nusu ubao (nusu ya safu nzima ya mbavu), nusu paundi ya "burnt ends", na basi. Hizo burnt ends ni vipande vya upande wa mafuta wa kidari vilivyorudishwa motoni hadi vikawa vyeusi pembeni. Zamani Bryant's zilikuwa makombo ya ubao wa kukatia, mteja anajichotea bure akisubiri. Leo ndizo zinazowahi kuisha, kwa hiyo uwe kaunta saa tano asubuhi, si saa mbili usiku. Sehemu ambayo saa mbili usiku ina kila kitu kwenye menyu, jiulize kilipikwa lini.

#4 BintiPangani

Mleta mada, sisi tusiogusa kitimoto tunakulaje huko? Na usiniambie "agiza kuku".

#5 KuniKavu

Swali la maana dada, nililiruka.

Kidari, soseji ya ng'ombe na bata mzinga vipo karibu kila mahali. Mtego uko pembeni. Maharage ya barbecue mara nyingi yana vipande vya nyama ndani, na usidhani ni ya ng'ombe. Sukuma za mtindo wa kusini huchemshwa na mfupa wa nguruwe. Baadhi ya nyumba za zamani hukaanga chipsi kwa mafuta ya nguruwe. Siku hizi kuna pia "pork burnt ends", kwa hiyo usiagize burnt ends kwa jina tupu, sema "beef". Soseji uliza ngozi yake, maana nyama inaweza kuwa ya ng'ombe na utumbo wa nje wa nguruwe.

Halafu ubao na kisu ni kimoja, kidari na kitimoto vinapishana hapo hapo. Ukiomba wabadilishe kisu saa ambayo hakuna foleni, wengi watabadilisha. Lakini kwa anayetaka halali kamili, uchinjaji wenyewe haupo kwenye nyumba hizo nilizotaja, nisikudanganye. Njia ya uhakika ni kununua kwa mchinjaji wa halali Kansas City na kupika mwenyewe. MzeeWaKidari ana hiyo njia.

#6 Kericho_Choma

Wadau, na heshima zote, nyama ya saa kumi na nne inayokatika kwa uma wa plastiki si ni kuchemsha tu kwa moshi? Mbuzi wa Kajiado hahitaji sosi wala pete ya waridi, ule mstari wa pinki chini ya gamba la nyama ya moshi. Mtu atajuaje hii imepikwa vizuri au imeoza tu kwa joto?

#7 MzeeWaKidari

Ndugu Kericho, umeuliza kwa kejeli lakini swali ni zuri kuliko posti nyingi za juu.

Kidari ni msuli uliobeba uzito wa ng'ombe maisha yake yote. Umejaa kolajeni. Moto mkali unaukaza. Joto la taratibu linaiyeyusha hiyo kolajeni ikawa jelatini. Hiyo inahitaji nyama ifike ndani nyuzi 93 hadi 96. Njiani, kwenye 65 hadi 75 hivi, joto linagoma kupanda kwa saa kadhaa, kwa sababu unyevu unaotoka juu ya nyama unaipoza kama jasho. Mpishi asiye na subira anaongeza moto hapo, nje inakauka, ndani bado raba. Mwenye akili anaifunga kwenye karatasi ya bucha au foili na kusubiri.

Kidari kibichi cha kilo 6 kinatoka kilo 3 na kitu. Ndiyo maana bei inauma.

Vipimo vya mezani, bila kuonja hata kidogo:

Chukua kipande, kilaze juu ya kidole. Kinatakiwa kiiname pande zote mbili bila kukatika. Kisha kivute taratibu: kiachie kwa kuvutwa kidogo. Kikivutika kama raba, kimetolewa mapema. Kikimomonyoka kabla ya kukivuta, kimepitiliza. Unene wa kawaida ni kama penseli. Ukiletewa vipande vinene kama kidole gumba, mkataji anajua nyama imepitiliza na anaificha isivunjike.

Gamba la nje liwe jeusi na gumu kidogo. Likiwa limelowa na kuteleza, nyama imekaa kwenye kabati la mvuke muda mrefu. Likiwa chungu na linatia ganzi ncha ya ulimi, moshi ulikuwa mchafu: kuni mbichi, au moto umenyimwa hewa ukatoa moshi mzito mweupe. Moshi mzuri karibu hauonekani, una ubuluu kwa mbali. Ukifika, kabla ya kuingia, zunguka nyuma. Kuna kuni za hikori au mwaloni zimepangwa? Zimepasuka ncha, ishara ya kukauka? Harufu ni ya kuni au ya gesi? Jiko la gesi lenye gogo ndani siyo dhambi, nyumba nyingi nzuri zinatumia. Lakini pasipo na kuni hata moja, umenunua nyama ya oveni.

Pete ya waridi uliyoitaja, uko sahihi kuidharau. Ni gesi za moto wa kuni zinazoshikana na rangi ya nyama. Haina ladha. Kuna kidari kitamu kisicho nayo na kikavu chenye pete nene.

Mbavu: watu wanasifu "zinadondoka zenyewe". Waamuzi wa mashindano ya kule huliona hilo ni kosa. Ukiuma, nyama itoke pale ulipouma tu na alama ya meno ibaki, mfupa ukauke na kuwa mweupe baada ya muda mfupi. Zikidondoka mfupa mtupu, zimefungwa foili mno, yaani zimechemka. Hapo Kericho una haki ya kucheka.

Sosi iwe pembeni siku zote. Iliyomwagiwa jikoni inaficha kitu.

#8 Kericho_Choma

Nimekubali kwa kidari. Mbuzi bado nasimama naye.

#9 Sheria_Mkononi

Kabla watu hawajafungasha growler, yaani chupa kubwa ya kubebea bia ya bomba nyumbani: umri wa kunywa ni 21, na siyo pendekezo. Mwanafunzi wa miaka 19 anaweza kuingia kula sehemu hizi nyingi, lakini hata kuonja kikombe cha rafiki ni kosa. Mgeni abebe pasipoti halisi. Picha kwenye simu hukataliwa.

Kuendesha: kikomo ni asilimia 0.08 ya alkoholi kwenye damu. Rudini kwenye hesabu ya Kimea hapo juu. Double IPA moja ni vinywaji viwili vya kipimo chao. Kwa mwenye viza jambo hili ni zito kuliko faini. Tangu 2015 Idara ya Mambo ya Nje ya Marekani hufuta viza kwa kukamatwa tu ukiendesha umelewa, hata kabla mahakama haijasema lolote. Ukiwa ndani ya nchi hufukuzwi siku hiyo, ila ukitoka kwenda kumsalimia mama, kurudi ni kuomba viza upya.

Growler, lita 1.9, iwe imezibwa na ikae kwenye buti. Ikifunguliwa ndani ya gari, hata na abiria, ni kosa.

Bakshishi: mezani asilimia 15 hadi 20, hesabu kabla ya kodi. Kaunta ya nyama unakochukua sinia mwenyewe, asilimia 10 au uliyo nayo.

#10 Kimea_Hopsi

Nyongeza kwenye growler: ikifungwa vizuri inadumu siku tatu nne, ikifunguliwa imalize siku hiyo hiyo. Mwambie anayejaza apitishe mrija hadi chini ya chupa. Akijaza kwa kumimina kutoka juu, gesi inakimbia na hewa inaingia, na kesho unakunywa lile boksi lililolowa.

#11 BintiPangani

MzeeWaKidari, ile njia ya nyumbani tafadhali. Jiko ni lile la duara la mkaa, la kawaida.

#12 MzeeWaKidari

Usianze na kidari kizima dada, ni kikubwa na kinaadhibu. Anza na nyama ya bega, "chuck roast", kilo 2 kipande kimoja.

Usiku: chumvi gramu 20, ipake kote, friji bila kufunika. Asubuhi pilipili manga ya kusaga chenga, vijiko viwili vya chakula.

Jiko la sentimita 57: panga mkaa wa vitofali ukingoni kama nyoka, viwili kwa upana na viwili kwa urefu kwenda juu, uzunguke theluthi mbili ya duara. Juu yake weka vipande vinne vya hikori kavu, ukubwa wa ngumi, vyote kwenye nusu ya mwanzo. Katikati bakuli la foili lenye maji. Washa vitofali 10 hadi 12 pembeni mpaka viwe vyeupe, viweke kwenye kichwa cha nyoka tu. Moto utatambaa wenyewe. Tundu la juu wazi lote, la chini robo. Unataka 110 hadi 130.

Nyama iwe upande usio na moto, na mfuniko usifunguliwe kila dakika; kila ukiufungua unaongeza muda. Ikifika ndani nyuzi 74 na gamba halitoki ukilikwangua kwa ukucha, funga foili. Itoe kwenye 95. Kilo 2 ni saa 6 hadi 8. Kisha izungushie taulo ndani ya kasha la barafu lisilo na barafu, saa nzima. Ukikata bila kuipumzisha, juisi yote itabaki ubaoni.

Joto likipanda kupita 140, usimwage maji kwenye mkaa, majivu yatarukia nyama. Punguza tundu la chini na subiri dakika 15.

Na soma mkataba wa kupanga kwanza. Nyumba nyingi za ghorofa hukataza mkaa kwenye baraza. Viwanja vya umma vingi vina majiko ya chuma ya bure, lakini hayana mfuniko, hayo ni ya mshikaki.

#13 Mpita_Njia

Ikibaki? Kuipasha kwa maikrowevu inanuka mafuta.

#14 MzeeWaKidari

Kwa sababu umeikata kwanza. Ihifadhi ikiwa bonge, funga na juisi yake. Kupasha: oveni nyuzi 120, foili iliyobana, vijiko viwili vya mchuzi au maji, mpaka ndani ifike 65 hivi, ndipo ukate. Kipande kilichokatwa tayari weka kwenye mfuko usiopitisha maji, zamisha kwenye sufuria ya maji ya moto yasiyochemka, dakika 15. Burnt ends ni tofauti, hizo kikaango kikavu, moto wa kati, geuza mara moja.